Kioo Chenye Tundu Katikati

Kila siku akitoka shule, Recho hakwenda nyumbani kubadili sare. Alikata njia ya uani nyuma ya msikiti, akapita sokoni Ujiji katikati ya madumu ya mawese na mafungu ya dagaa, na kuingia katika karakana ya baba yake. Alitupa mkoba chini ya meza, akanawa mikono na kushika bisibisi. Alikuwa darasa la sita, na tayari aliweza kufungua kompyuta mpakato na kuifunga bila kubakiza skrubu hata moja mezani. Baba yake, Fundi Telesphory, alimsifu mbele ya wateja. Sifa hizo zilimwingia Recho kichwani, zikakaa humo na kunenepa.

Karakana ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: diski yoyote, iwe mpya au iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine, haiwekwi kwenye mashine ya mteja kabla ya kujazwa. Fundi aliijaza mafaili mpaka ikatapika, kisha akayasoma yote kuona kama yametoka kama yalivyoingia. Wanawake wa Ujiji hufanya hivyo hivyo na dumu. Hulijaza maji na kulilaza ubavu, halafu ndipo hulilipia. Sheria ya pili: kipuri cha zamani hukaa rafuni mpaka mwenyewe arudi na kusema kwa kinywa chake kwamba mambo yote ni mazuri.

Diski ambazo wenyewe wamezikataa kabisa, hizo alipewa Recho. Ukiifungua diski ya laptopu unakuta ndani yake sahani ndogo ya duara inayong'aa kuliko kioo cha dukani, yenye tundu katikati. Wasichana wa shule walizigombania. Asiye na kioo cha Recho alijiona si mtu, naye Recho alichagua wa kumpa na wa kumnyima, akafurahia zaidi kunyima.

Siku moja alasiri aliingia Mzee Barutwanayo, mshona sare za shule. Yeye na mkewe walitoka Burundi miaka mingi iliyopita wakahamia Ujiji, na binti yao mkubwa, Fébronie, alisoma darasa moja na Recho. Mkewe alikuwa mwalimu wa kwaya. Alifariki alipomzaa mtoto wa mwisho, Kelly. Mzee alikuja amekumbatia laptopu iliyofungwa kwenye kitenge.

"Mwiriwe, fundi," alisalimu kwa Kirundi. "Hii ni ya marehemu. Imeanza kugonga ndani, tak, tak. Nyimbo zake zote zimo humu, alizoimba peke yake akijifunza. Hakuna mahali pengine zilipo."

Telesphory alitega sikio kwenye mashine. "Diski imechoka, mzee. Bado inasoma, lakini haitasoma muda mrefu. Tutahamisha kila kitu kwenye diski nyingine." Akaweka mbili mezani. "Hii ilitolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyopasuka kioo. Nimeijaza mpaka mwisho na kuisoma, haina doa. Hii nyingine ni mpya, kaleta mfanyabiashara mmoja mpita njia. Sijaijaza, kwa hiyo siijui."

"Ingekuwa yako, ungeweka ipi?"

"Iliyotumika. Hiyo naijua."

"Basi hiyo hiyo," alisema mzee. "Kuna misa ya kumbukumbu yake inakuja. Nataka Kelly amsikie mama yake. Hajawahi kumsikia."

Recho alikuwa anasikia yote. Mtoto mwingine angenyamaza, lakini yeye alikuwa na mdomo usiolala, na kesho yake wakati wa mapumziko aliufungua.

"Jamani, mmesikia?" aliwaambia wenzake chini ya dirisha la darasa la sita. "Kwao Fébronie hata sauti ya mama yao wanaiweka kwenye mtumba! Diski mpya ipo pale, wao wanataka iliyovuliwa na mtu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mpaka kengele inalia, Fébronie alikuwa amekwisha kubatizwa jina: Mtumba. Mmoja alimsogelea akamnusa shingoni na kuuliza kama amefuliwa. Mwingine alimshika kola ili asome ametoka nchi gani. Kisha Esther, rafiki kipenzi wa Recho, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Fébronie, na mama yako naye alikuwa mtumba?"

Fébronie hakulia. Alikunja ukingo wa mkono wa sweta lake, akaukunjua na kuukunja tena. Recho alimwona, na niseme wazi, alifurahi.

Kabla jua halijazama, Barutwanayo alirudi karakana, safari hii na binti yake nyuma.

"Fundi, weka ile mpya."

"Kwa nini tena, mzee wangu?"

"Mtoto hataki nyingine. Tangu atoke shule hajala. Anasema mama yake hatawekwa kwenye takataka ya mtu." Mzee aliona aibu kusema hivyo. "Mimi sijui watoto wameambiana nini."

Telesphory alijikuna kichwa. "Upya si dawa, mzee, wala ukongwe si ugonjwa. Kipuri ni kipimo. Lakini mali ni yako. Nitaweka mpya, ila kwanza ijazwe."

Recho aliinama kwenye meza akajifanya anatafuta skrubu. Neno moja tu lingetosha: Baba, ni mimi niliyemcheka. Fébronie alisimama mlangoni akimtazama, akilingoja neno hilo. Halikuja.

Jumamosi Telesphory aliitwa bandarini kutengeneza mashine ya kuchapia. Kabla ya kuondoka alichomeka diski mpya akaanza kuijaza.

"Usiiguse mpaka ijae," alimwambia Recho. "Ikijaa, isome yote. Ikiwa nzima, hamisha nyimbo za mzee. Ile ya zamani weka rafuni. Nakuamini."

"Ndiyo, baba."

Mstari wa kuonyesha ujazo ulitambaa kwenye skrini taratibu mno. Recho alifagia, akapanga nyaya, akarudi kutazama. Haujafika hata robo. Umeme ukakatika, ukarudi, kazi ikaanza upya. Hapo ndipo Esther alipoingia amevaa gauni la kutokea.

"Twende ufukweni Katonga, wavuvi wamerudi na migebuka kibao, kaka yangu atatuchomea. Na kioo changu kiko wapi? Kesho ni kipaimara changu, Recho. Uliniahidi mbele ya watu."

"Sina diski mbovu sasa hivi."

"Kumbe maneno tu. Basi nitawaambia wenzetu kwamba vioo vimekuishia."

Recho aliitazama diski mpya ikimeremeta. Kitu kipya kimeharibika saa ngapi? Alisimamisha kujaza, akafuta kilichoingia na kuanza kuhamisha nyimbo. Majina yote ya nyimbo yalijipanga kwenye skrini, moja chini ya jingine, bila kosa. Hakufungua hata mmoja kuusikiliza. Halafu alichukua ile diski ya zamani iliyokuwa ikigonga, akaitazama kidogo tu, akaifungua kwa bisibisi. Ndani yake sahani iling'aa vizuri kuliko zote alizowahi kutoa. Aliifuta kwa upindo wa sketi yake, akampa Esther.

Jioni baba yake alimuuliza, "Imejaa?"

"Imejaa, baba. Nimeisoma yote. Nzima kabisa."

"Na ya zamani?"

"Ipo rafuni."

Rafuni palikuwa na diski nyingi, na Telesphory alikuwa amechoka, tena alimwamini mwanawe. Aliifunga laptopu, akaipeleka mwenyewe kwa Barutwanayo. Mashine iliwaka haraka, majina ya nyimbo yakaonekana. Mzee alitaka kuufungua wimbo mmoja, akauzuia mkono wake. "Hapana," alisema. "Tutausikia siku ya kumbukumbu, sote pamoja."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Baada ya misa watu walijaa uani kwa Barutwanayo, Warundi kwa Waha, Wakristo na majirani Waislamu wa mtaa ule. Palikuwa na maharage, ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Recho alikuja na baba yake, na Esther akaja na mama yake. Kelly alikaa mbele kabisa kwenye kigoda, amevaa gauni jipya la njano aliloshonewa na baba yake. Aliwaambia wote waliopita, "Leo nitamsikia mama."

Mzee alifungua laptopu juu ya meza, akaiunganisha na spika na kuondoa kofia. "Huu aliuimba peke yake, wiki chache kabla hajatuacha," alisema.

Akabonyeza. Kimya. Maandishi yakatokea kwenye skrini: faili halifunguki.

Akabonyeza wimbo wa pili, wa tatu, na nyingine zote mpaka chini. Majina yalikuwepo, ndani hamna kitu. Watu walianza kukohoa na kutazama miguu yao. Kelly aliendelea kutabasamu, maana alidhani ndivyo inavyoanza.

Telesphory alisogea mbele, akajaribu hiki na kile. Mwishowe aliinua kichwa. "Diski hii ni ya uongo. Imeandikwa uwezo isiokuwa nao, inapokea isichoweza kuhifadhi na kukuonyesha majina matupu. Nisameheni, jamani, sielewi ilipitaje. Lakini msihofu, ile ya zamani ipo. Recho, kimbia karakana ukailete."

Recho hakuondoka.

"Recho!"

"Baba, haipo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua lote lilikuwa kimya, kila mtu akasikia. "Niliifungua. Nilitoa kioo."

Mkono wa Esther ulikwenda wenyewe kwenye pochi yake. Mama yake aliuona. Aliinyakua pochi ile, akakitoa kioo na kukiweka mezani kando ya laptopu.

"Na ile mpya," Telesphory aliuliza polepole, "uliijaza?"

"Hapana, baba."

Barutwanayo alikishika kioo. Kilikuwa na alama za vidole na mafuta ya midomo. Aliona uso wake mwenyewe humo, na tundu katikati ya uso. "Fundi, humu ndimo alimokuwa?"

"Ndimo, mzee."

"Huwezi kumtoa tena?"

"Siwezi. Ikishafunguliwa hivi ikashikwa na kupigwa na vumbi, mimi siwezi, na hapa Kigoma simjui anayeweza."

Fébronie alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Recho. Wengi walidhani atampiga, na Recho alitamani apigwe, yaishe. "Uliwaambia wenzetu kwamba iliyotumika ni mtumba," Fébronie alisema. "Nikamlilia baba. Ni mimi niliyemlilia baba." Kisha akamnyanyua Kelly, ambaye alikuwa anauliza kama mama ameshaimba, akaingia naye ndani.

Telesphory hakumpiga mwanawe. Alifanya kibaya zaidi: alimpokonya funguo za karakana mbele ya watu, akasema, "Nilimpa mtoto kazi ya mtu mwaminifu. Kosa hilo ni langu."

Shuleni ikawa zamu ya Recho. Watoto wale wale waliocheka chini ya dirisha walicheka tena, sasa wakimwelekea yeye. Walimwita Kioo. Waliweka mikono masikioni kama wanaomsikiliza, wakiuliza, "Kioo, imba basi!" Aliyeongoza alikuwa Esther. Recho alimtafuta Fébronie kwa macho, akitegemea walau yeye acheke ili walipizane na kumalizana. Fébronie hakucheka. Hakumtazama kabisa.

Siku moja alirudi kwa baba yake karakana, akasimama mlangoni kama mteja. "Baba, naomba kutafuta kama kuna mtu mwingine mwenye sauti yake."

Telesphory aliweka bisibisi chini. "Tutatafuta wote. Wewe ndiye utakayeuliza, na kila utakapouliza utaeleza kwa nini."

Basi Recho alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wanakwaya wa zamani, akaeleza. Wengine walimsikiliza wakatikisa kichwa. Wengine walimfukuza. Mmoja alimsimulisha habari yote mara mbili mbele ya wageni wake, kisha akasema hana kitu. Hatimaye wakasikia kuna mama mmoja kijijini Simbo, Mama Skolastika, mwenye simu ya zamani.

Walimkuta shambani akipalilia mihogo. "Shikamoo, mama," Recho alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kioo?"

"Ndiye mimi."

"Wimbo ninao mmoja, tuliuimba kwenye harusi. Baba yako atauchukua. Wewe simu yangu huigusi."

Recho alingoja juani mpaka walipomaliza.

Walipofika karakana, Telesphory alitoa ile diski iliyotumika, ile ile aliyoichagua mzee siku ya kwanza. "Niliijaza mwenyewe," alisema. "Sasa ijaze wewe."

Recho alikaa kwenye stuli akautazama mstari ukitambaa. Umeme ulikatika ukiwa karibu kufika mwisho. Alianza upya bila kuambiwa. Ilipojaa, aliisoma yote, akasoma tena, ndipo akaweka ule wimbo na kuusikiliza toka mwanzo mpaka mwisho. Diski ilikuwa haina doa, kama baba yake alivyosema siku ile.

Walikwenda kwa Barutwanayo Jumapili alasiri. Hapakuwa na wageni safari hii. Mzee aliacha cherehani, Fébronie akatoka jikoni, Kelly akaleta kigoda chake. Gauni la njano lilikuwa limeanza kuchakaa magotini.

Wimbo ukatoka kwenye spika. Sauti za wanawake wengi zilipanda kwa pamoja, za Kirundi, nzuri, zikijibizana, na ngoma nyuma yake. Barutwanayo alifumba macho.

"Mama ni yupi?" Kelly aliuliza.

"Huyo," Fébronie alisema. "Anayepanda juu."

"Huyu?"

"Hapana, huyo ni mwingine. Subiri. Huyo sasa." Fébronie alisogeza sikio kwenye spika. Sauti zilichanganyikana, zikaachana, zikachanganyikana tena. "Au huyo. Nilikuwa namjua kabisa..." Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. "Baba, sijui tena ni yupi."

Recho naye alilia. Hakuna aliyembembeleza.

Wimbo ulipokwisha Barutwanayo alimwita. "Njoo, mwana wanje, mwanangu. Kaa hapa." Recho akakaa chini. Kile kioo kilikuwa juu ya cherehani ya mzee, kimefutwa safi.

"Baba yako amekufundisha kwamba kitu kipya kisichopimwa ni maneno ya muuzaji tu, na kilichotumika kikapimwa ni kitu cha kuaminika. Shika hilo, litakupa kazi nzuri. Mimi nina langu. Ungesema ukweli siku niliyobadili diski, nyimbo zingekuwepo. Ungesema jioni ile baba yako alipokuuliza kama imejaa, angalau tusingekaa tunangoja. Ulipewa nafasi nyingi, mwanangu, na kila moja ulijibu uongo, au ukanyamaza, ambayo ni sawasawa. Na yote yalianzia kwenye kicheko. Fébronie alikubali diski ya kubahatisha ili tu msimcheke."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Wewe ni mtoto, na umehangaika kutafuta, nimeona. Lakini usidhani yamekwisha kwa sababu mimi nimesamehe. Huyu hapa bado hajui alichonyimwa." Akaweka mkono juu ya kichwa cha Kelly. "Akikua atakuja kukuuliza. Siku hiyo mimi sitakujibia, wala baba yako. Umwambie ukweli wote, hata kama unakuumiza. Ndiyo deni pekee ninalokudai."

"Ndiyo, mzee."

Kelly hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amekwisha kumshika Recho mkono, maana kidole chake mwenyewe hakikufika kwenye kitufe.

"Rudia," alisema. "Safari hii wewe unionyeshe mama."